Nani Yuko Macho Saa Tisa Usiku?

Julai ya Lushoto haina mzaha. Mji huu umekaa mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ikifika saa kumi na mbili jioni ukungu unateremka kutoka msitu wa Magamba, unajaa kwenye kona za barabara, unapenya hata chini ya mlango. Kijana ataongeza sweta aende zake. Mzee wa miaka 80 aliyebaki ngozi na mfupa, asiyeweza kujigeuza kitandani na ambaye huenda ameshajilowesha, hana pa kwenda. Atalala na baridi yake mpaka aje mtu. Swali langu la leo linaanzia kitandani hapo. Ukitaka kujua kama mahali wanapotunzwa wazee panatunza kweli, utazame nini? Jibu nalitoa mapema, ili anayenipinga ajue anapinga nini: itazame saa ambayo hakuna mgeni. Uliza nani yuko macho saa tisa usiku, ana watu wangapi mikononi mwake, na mzee akiita anaitikiwa baada ya muda gani. Rangi ya ukuta, idadi ya magodoro na hotuba za siku ya sherehe vinakuja baada ya hapo, na vingine haviji kabisa.

Nasema hivyo kwa sababu tumezoea kupima kinyume chake. Makao ya wazee katika nchi yetu huonekana siku ya mgeni. Anakuja kiongozi, au akina mama wa kanisa, au vijana wa msikitini mwezi wa Ramadhani, au wafanyakazi wa kampuni fulani wenye fulana za rangi moja. Wanashusha mchele, unga, sukari, sabuni za mche, mafuta ya kula, mashuka. Wazee wamekalishwa mstari mmoja kwenye viti vya plastiki, wamevishwa nguo zilizotolewa kabatini asubuhi ileile. Mmoja anashukuru kwa niaba ya wenzake. Picha zinapigwa, na jioni tunasikia kwamba wazee wamefurahi. Simdharau anayetoa, kutoa ni moyo, na sabuni ile inafua kweli. Ninachokataa ni kuigeuza ziara kuwa ushahidi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na katika makao ya wazee maneno hayo ni ya kweli kupita kiasi: mwenyeji anapona siku ya mgeni, kesho yake anaumwa tena. Walisema vilevile mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tabu ya ziara zetu ni kwamba zinaisha kabla ya siku ya jembe.

Tuangalie kwanza ni watu gani hasa wanaoishi humo. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, inayomhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60, inataka mzee atunzwe kwanza na familia na jamii yake, na kwamba kumpeleka katika makao kuwe hatua ya mwisho. Sensa ya 2012 ilikuta wazee ni asilimia 5.6 ya Watanzania, watu kama milioni mbili na nusu, ilhali walio katika makazi ya Serikali ni mamia tu. Baadhi ya makazi hayo tunayajua kwa majina: Mwanzange pale Tanga, Nunge Kigamboni, Fungafunga Morogoro, Njoro Kilimanjaro, Bukumbi Misungwi, Kolandoto Shinyanga. Mengine asili yake ni makambi ya wenye ukoma, watu ambao kijiji kiliwaogopa hata baada ya dawa kuwaponya. Na sisi wa Tanga, mkoa wa mkonge, hatuhitaji kuelezwa habari za manamba, wanaume waliotoka mbali kuja kukata mkonge, wakazeekea mashambani bila mke wala mtoto wa kuwaita baba. Makao yalijengwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo.

Sasa fikiria hospitali zetu zinavyokwenda. Mtu akilazwa, ndugu ndiye anayeleta uji, anayefua, anayemgeuza, anayesimama dirishani kuuliza dawa iko wapi. Ndugu ndiye mkaguzi. Halipwi wala hana fomu, lakini jicho lake linaogopwa kuliko la afisa yeyote kutoka wilayani, kwa sababu anakuja bila taarifa na mgonjwa ni damu yake. Mzee anayepokewa katika makazi ya Serikali anapokewa kwa sababu hana ndugu, au anao na wamemkana. Kwa hiyo sharti la kuingia ndilo hilohilo linalomwondolea mkaguzi. Ukilielewa hili utaelewa kwa nini siridhiki na sifa za wageni: tumekusanya pamoja watu ambao hakuna atakayegonga meza kwa ajili yao, halafu tunawapima kwa shukrani zao.

Kuna atakayesema mambo ya makao ni ya Wazungu, huku milimani hayatuhusu. Historia ya Usambara inamkatalia. Lutindi, kwenye ukingo wa milima hii upande wa Korogwe, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuzwa kuwa ya wagonjwa wa akili, na hutajwa kuwa hospitali ya kwanza ya aina hiyo Afrika Mashariki; Mirembe ya Dodoma ilikuja 1927. Leo iko chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, na dayosisi hiyohiyo inalea watoto wasio na wazazi pale Irente, karibu kabisa na mji wa Lushoto. Kwa zaidi ya miaka 120, basi, watu wa milima hii wameishi jirani na nyumba ambamo binadamu hutunzwa na mtu asiye wa ukoo wake. Hatuna kisingizio cha ugeni.

Lutindi inatufundisha pia jinsi kupima kulivyo kugumu. Kazi za shamba na za mikono ni sehemu ya matibabu pale, na wazo hilo ni zuri: mtu aliyeambiwa hana akili anashika jembe, anaona mahindi yakiota, anarudi kuwa mtu mbele ya macho yake mwenyewe. Lakini chukua picha mbili. Katika ya kwanza, mtu anapalilia kwa sababu kupalilia kunamtuliza. Katika ya pili, kwenye kituo chochote duniani, mtu anapalilia kwa sababu asipopalilia hapewi chakula. Mgeni anayepita saa nne asubuhi akiwa na kamera ataziona picha hizo ni moja. Kinachozitofautisha hakionekani kwa macho: ni kile kinachotokea siku ambayo mgonjwa atasema, leo sitaki. Kama jibu ni sawa, pumzika, hiyo ni tiba. Kama jibu ni kitu kingine, hiyo ni kazi ya bure yenye jina la tiba. Utaona kwamba hata hapa tumerudi palepale, kwenye saa na siku ambazo mgeni hayupo.

Wenyewe Wasambaa walikuwa na kipimo chao cha watu wenye dhamana, tena kikali. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha 1990 kiitwacho Peasant Intellectuals, ameeleza jinsi watu wa Shambaai, yaani Usambara, walivyowapima wafalme wa ukoo wa Kilindi waliotawala kutoka Vuga. Kulikuwa na kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kulikuwa na kubana shi, kuiharibu. Mvua zikinyesha na chakula kikapatikana, mfalme ameiponya nchi. Njaa ikiingia, ameibana, na heshima yake inapungua. Mtawala alipimwa kwa vyungu vya raia kule vijijini, hata kama ikulu yake ilikuwa na fahari. Kipimo hiki kina akili, na kinafaa kwa makao ya wazee kwa kiasi fulani: usiniambie una nini, niambie watu wako wanaendeleaje.

Kwa kiasi fulani tu, kwa sababu mvua inaweza kukosa bila kosa la mfalme. Wazee nao hufa. Nyumba inayopokea walio hoi, waliookotwa stendi ya Mombo kule chini ya milima wakiwa na homa ya mapafu, itazika watu wengi kuliko nyumba inayochagua wenye afya na pensheni. Ukihesabu makaburi peke yake utamwadhibu aliyefungua mlango na kumsifu aliyeufunga. Mtu aliyelifikiria jambo hili kwa makini kuliko wengi ni Avedis Donabedian, daktari wa asili ya Armenia aliyezaliwa Beirut na kufanya kazi Marekani. Mwaka 1966 aliandika kwamba ubora wa huduma ya afya hutazamwa pande tatu: vitu na watu waliopo, yale yanayotendwa, na matokeo yake. Vitu vilivyopo ni rahisi kuhesabu ila havisemi mengi. Matokeo ndiyo tunayoyataka ila yanachanganyika na bahati na hali aliyokuja nayo mgonjwa. Katikati kuna matendo, na kwa mzee ambaye hatapona uzee wake, matendo ndiyo sehemu kubwa ya ubora wenyewe. Kumwogesha kwa maji ya uvuguvugu bila kumwanika mbele ya wenzake hakuhitaji kuthibitishwa kwamba kumemwongezea siku za kuishi. Kunatosha kwa kuwa kumetendwa.

Nataka nikae kidogo kwenye hesabu ya usiku, maana hesabu haina unafiki. Tuseme makao yana wazee 30, na 10 kati yao hawawezi kujigeuza. Desturi ya uuguzi kwa mtu wa namna hiyo ni kumgeuza kila baada ya saa mbili, ili damu ipite mahali mfupa unapogandamiza ngozi. Isipopita, ngozi inakufa, na hicho kidonda cha kulala kinaweza kufika mfupani. Kumgeuza mtu mmoja vizuri, kumfuta, kumbadilisha shuka kama imelowa na kumweka mto mgongoni huchukua dakika kama 10, na ni kazi ya watu wawili. Wazee 10 kwa dakika 10 ni dakika 100. Katika kila dakika 120 za usiku, wahudumu wawili wamebakiwa na dakika 20 za kumpeleka mmoja msalani, kumpa mwingine maji, na kumrudisha yule anayeamka akitaka kwenda kuswaga ng'ombe waliokufa zamani. Sasa mpe zamu hiyo mtu mmoja. Hawezi. Hata awe na moyo wa dhahabu, kiuno kitamsaliti kabla ya alfajiri. Ukikuta makao yenye wazee wa aina hii na mhudumu mmoja wa usiku, huhitaji kukagua zaidi. Umeshajua kwamba kuna watu hawageuzwi, na kinachobaki ni kujua ni nani.

Muuguzi Mwingereza Doreen Norton na wenzake walilionyesha hili kwa ushahidi mwaka 1962, walipochunguza uuguzi wa wazee hospitalini. Enzi hizo migongo ya wagonjwa ilikuwa inapakwa dawa na mafuta ya kila aina, na kila wodi ikiamini chupa yake. Walichokuta ni kwamba kilichomlinda mzee ni kugeuzwa mara kwa mara kuliko kilichomo kwenye chupa. Waliacha pia njia rahisi ya kumtambua aliye hatarini: hali ya mwili wake, hali ya akili yake, kama anatembea, kama anaweza kujisogeza kitandani, kama anajilowesha. Mambo matano, kalamu moja na daftari la zamu. Ndiyo maana nikiulizwa kipimo kimoja cha ubora wa nyumba nzima nitajibu: tazama visigino na makalio ya wazee wasiotembea. Kidonda ni daftari ambalo hakuna mtu anayeweza kulijaza mchana wa siku ya ukaguzi.

Kuna mambo ya hapa kwetu ambayo mwongozo wowote ulioandikiwa joto la Dar es Salaam hauwezi kuyaona. La kwanza ni hiyo baridi niliyoanza nayo. Kitanda kimoja, godoro moja, shuka mbili na blanketi moja vinaweza kuwa anasa kule Mwanzange, lakini huku juu ni adhabu. Maji ya kuoga yakiwa baridi mzee atakataa kuoga, na mhudumu ataandika kwamba ni mkaidi. Na mkitaka kumpasha joto kwa jiko la mkaa huku madirisha yamefungwa, mnaweza kumuua kwa hewa isiyo na harufu bila yeye kuamka. La pili ni makande. Ubao wa jikoni unaweza kuonyesha mahindi na maharage mara nne kwa wiki, na kwa mkaguzi hicho ni chakula kamili. Mzee asiye na meno atanyonya mchuzi, arudishe sahani. Kwenye karatasi amekula. Kwenye mizani anapungua kilo mwezi hadi mwezi. Kwa hiyo ukikagua jikoni, fika na pale sahani zinapooshwa, uone kilichobaki kimebaki kwa nani. La tatu ni lugha. Uzee mkubwa, hasa ukiandamana na ugonjwa wa kusahau, unaweza kumnyang'anya mtu Kiswahili alichojifunza ukubwani ukamwachia Kisambaa cha mama yake. Mhudumu aliyetoka mkoa mwingine, mwenye cheti kizuri, anaweza kukaa na bibi huyo wiki nzima akiamini anapiga kelele tu, kumbe anasema anaumwa jino. Hakuna fomu yenye kisanduku cha swali hili, nami nalihesabu kuwa zito kuliko cheti.

Jambo jingine ambalo mgeni haoni ni nani anaamua. Mwaka 1976 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Ellen Langer na Judith Rodin, walifanya jaribio katika makao ya wazee huko Connecticut. Kundi moja liliambiwa kwamba maisha yao yako mikononi mwao. Kila mmoja alichagua mche wa kuutunza mwenyewe na siku ya kutazama sinema. Kundi la pili lilipewa miche ileile, lakini wakaambiwa wahudumu wataitunza. Baada ya miezi 18 waliokufa kundi la kwanza walikuwa asilimia 15, na la pili asilimia 30. Nisikuuzie jaribio hili kwa bei isiyo yake: watu walikuwa wachache, hawakufika mia, na wataalamu wengine wameihoji hesabu ya vifo. Lakini hata ukiyaweka makaburi pembeni, kundi la kwanza lilionekana changamfu zaidi na lilijishughulisha zaidi, na hilo kwa mtu wa Lushoto si ajabu. Huyu ni mkulima aliyeishi kwa kuamua lini apande viazi na lini ashushe mboga sokoni. Ukimpangia saa ya kulala, saa ya kuamka, nguo ya kuvaa na mtu wa kulala naye chumba kimoja, umemnyang'anya kitu ambacho mchele wa msaada haukirudishi. Kumwachia tuta moja la mchicha na haki ya kuukataa uji wa leo hakuzidishi bajeti hata shilingi.

Hapo nimegusa pingamizi kubwa, linalostahili jibu la heshima. Watu wanaoendesha makao haya, masista, maofisa ustawi wa jamii, wahudumu wa mshahara mdogo, watasema: unatuletea vipimo vya nchi tajiri wakati sisi wiki iliyopita tuliishiwa sabuni. Wana haki ya kuchoka na mtu wa redioni. Lakini tazama nilichodai. Mizani ya kupimia uzito ipo hata kliniki ya watoto kijijini. Daftari la zamu ni daftari. Kuuliza nani alilala macho jana hakuhitaji mfadhili. Ni kweli kwamba mhudumu wa pili wa usiku ni gharama, na siwezi kumfanya awe bure kwa maneno. Ninachosema ni kwamba fedha zikija, na huwa zinakuja kwa namna ya majengo, jiwe la msingi na kibao chenye jina la mtoaji, ni bora zimlipe mtu huyo kwa miaka mitatu. Hakuna anayekata utepe kwa ajili ya zamu ya usiku, na nadhani ndiyo sababu haina watu.

Wengine watasema dawa ni nyota. Tumeshaijaribu kwenye afya: kuanzia 2015 zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya zilipimwa na kupewa nyota kutoka sifuri hadi tano, na karibu theluthi moja zilitoka na sifuri, huku zilizofika tatu zikiwa chache mno. Zoezi lile lilikuwa na ujasiri, kwa maana lilitangaza aibu badala ya kuificha. Kwa nini tusiyape nyota makao ya wazee? Sipingi, ila tujifunze kwa waliotangulia. Marekani imekuwa ikiyapa makao yake nyota moja hadi tano tangu 2008, na sehemu ya nyota hizo hutokana na takwimu ambazo makao yenyewe huzipeleka. Mwaka 2021 gazeti la The New York Times lilifichua ujanja mmoja. Kipimo kimojawapo kilikuwa idadi ya wazee wanaopewa dawa kali za magonjwa ya akili, kwa kuwa dawa hizo hutumiwa kuwanyamazisha. Lakini mwenye ugonjwa wa skizofrenia hakuhesabiwa. Wazee wengi wakaandikiwa ugonjwa huo kwenye mafaili, na takwimu zikapendeza. Nyota zilikuwa zinang'aa na mzee amelala chini ya dawa. Vijana wetu, Watanzania na Wakenya, wako wengi kwenye zamu za usiku za makao ya Marekani na Uingereza. Huku nyumbani tunasema wamekwenda kubeba boksi, wala hatuwaulizi wanajua nini. Wanajua karatasi inavyojazwa alfajiri, na wanajua kumgeuza mtu bila kumuumiza. Utaalamu wa saa tisa usiku tumeusafirisha nje kama kahawa, halafu hapa tunauliza utapatikana wapi.

Pingamizi jingine ni kwamba wazee wenyewe hawawezi kuwa mashahidi: mmoja anasahau, wa pili analalamika tangu ujana wake, wa tatu anaogopa kusema. Yote ni kweli, na hakuna linalowaondoa kwenye ushahidi. Anayesahau alichokula mchana bado anajua kwamba anaogopa mtu fulani. Mtazame mwili wake mtu huyo anapoingia chumbani. Mlalamikaji wa kudumu ukimsikiliza wiki mbili utaona kwamba malalamiko kumi yanabadilika na moja halibadiliki, na hilo moja ndilo la kufuata. Na yule anayeogopa kusema ameshatoa jibu. Nyumba ambayo wakazi wake wote wanasifu kwa maneno yaleyale inanitia shaka kuliko nyumba yenye kibibi mkali anayemwambia mgeni kwamba chai ya hapa ni maji matupu. Makao yenye afya yana wagomvi. Kibibi huyo anasema kwa sauti kwa sababu amekwisha kusema mara nyingi na hakuna kilichompata.

Limebaki lile la mila: kwamba mzee wa Kiafrika mahali pake ni nyumbani, na kuyajadili makao ni kuyahalalisha. Naliheshimu wazo hili, na sera yenyewe inaliunga mkono. Lakini nyumbani ni wapi siku hizi? Mashamba ya miteremko hii yamegawanywa mpaka mrithi anapata kipande cha kugeuzia jembe tu. Vijana wameteremka zile kilomita 33 za kona hadi Mombo, wakaendelea Tanga, Arusha, Kariakoo. Ameachwa bibi kule mgongoni mwa mlima na mjukuu wa darasa la nne, na mjukuu huyo ndiye mhudumu wa usiku. Hakuna mwenye haki ya kumcheka mtoto huyo. Ninachotaka kusema ni kwamba maswali niliyoyauliza hayajui jengo. Nani yuko macho, mzee anageuzwa mara ngapi, anakula au anarudisha sahani, nani anamwamulia: ukiyapeleka nyumbani kwa familia nyingi zenye heshima yatapata majibu mabaya kuliko ya makao, na pengine ndiyo sababu tunapenda kuamini kwamba kwa wasio na ndugu tu ndiko kwenye matatizo. Upande wa Zanzibar walitunga sheria ya mambo ya wazee mwaka 2020, na tangu 2016 kila mkazi aliyefika miaka 70 hupata pensheni ya jamii, awe anaishi kwa mwanawe au katika makao. Huku Bara madai ya sheria hurudiwa kila Oktoba Mosi, Siku ya Wazee Duniani, kwenye mabango yaleyale.

Basi kama halmashauri, kanisa, msikiti au kamati ya kata inataka kujua hali ya makao yaliyo karibu nayo, isiandike barua ya kuomba ziara. Watu wawili tu, wenye mamlaka halali, waende usiku bila taarifa. Nimeshamsikia atakayesema kwamba hilo litawaamsha wazee na kuwavunjia heshima. Ni hoja njema, na jibu lake ni kwamba wasimwamshe mtu. Wakae na mhudumu jikoni, wanywe naye chai, wamfuate anapozunguka, wahesabu dakika tangu sauti inapoita hadi mlango unapofunguliwa. Wasome daftari la zamu la jana, siyo la leo. Wabaki mpaka asubuhi waone uji unavyoliwa. Wachukue tochi, mizani, blanketi la kwao wenyewe, na mmoja kati yao awe anajua Kisambaa.